Jina Ambalo Dada Hakupaswa Kulitaja

Tuliokuwepo tulikuwa wanne: dada yangu wa tumbo moja; mwanawe wa kwanza, aliyembeba mgongoni, kifua kikimbana mtoto; baba mkwe wa dada, aliyetuleta Mbeya kwa lori la viazi; na mimi, msichana wa kubeba mizigo. Majina yao yote ninayo. Siyaandiki, na sababu mtaiona.

Kwetu Unyakyusa enzi hizo, mke hakai mbele ya baba mkwe wake wala hatamki jina lake. Basi mzee akaketi nyuma ya jengo la hospitali, sisi tukapanga foleni barazani. Upande wa Wazungu, wenye bustani yake, sikuona hata mtu mmoja akisubiri.

Tulipofika mezani, dresa, yule msaidizi wa daktari aliyekuwa akiandika kadi, akauliza jina la mtoto. Dada akainamisha uso. Mtoto alikuwa amepewa jina la babu yake, yule mzee wa nyuma ya jengo.

Nikalisema mimi. Dresa akaniambia hakuniuliza mimi, anamtaka mwenye mtoto. Nikamweleza mila yetu kwa Kiswahili changu cha kuokoteza. Akacheka, akasema watu wa migombani tuna mambo. Mwanamke mmoja kwenye foleni akadakia kwamba huenda mtoto ameokotwa njiani. Tukarudishwa mwisho wa foleni, mpaka mama apate akili.

Jua lilipofika utosini mtoto aliacha kulia. Dada akainuka, akaenda mezani moja kwa moja, akalitaja jina lile kwa sauti. Nadhani mzee alilisikia, maana kule nyuma alikohoa.

Dresa akaandika. "Ona sasa, bibi," akasema. "Ilikuwa kazi gani?"

Sindano mtoto alichomwa. Asubuhi iliyofuata hakuiona.

Mzee alituma maneno kwa mama yetu kwamba hana lawama na mkwewe. Lakini dada aliamini mpaka anaingia kaburini kwamba ulimi wake ndio uliomuua mwanawe. Hata uzeeni, nilipomtembelea kwake Iringa, nilimwambia: "Dada, ni ile foleni." Akaniitikia, "Ndiyo, mdogo wangu," kama unavyomwitikia mtoto anayekusumbua.

Kama yupo aliyekuwa barazani siku ile, na anakumbuka kwamba tulihudumiwa mapema kuliko ninavyosema, anisahihishe. Ningependa sana niwe nimekosea.