Zamu ya Maji ya Bibi Nakijwa

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na aibu hainiishi ingawa nywele zimeshakuwa nyeupe. Nilikuwa fundi kijana wa saketi, nimerudi Same na cheti changu, najiona sina mpinzani. Wee! Hata shikamoo nilikuwa naitoa mbiombio.

Tulikuwa watatu, tukitengeneza kifaa cha kufungua na kufunga lango la ndiva, lile bwawa la mlimani tunamokusanya maji ya mfereji na kugawana kwa zamu. Kila mmoja aliandika faili lake la kuieleza chipu iwe saketi ya namna gani: Elia kipimo cha kina cha maji, Neema orodha ya zamu, mimi lango. Mashine ya kuyaingiza kwenye chipu ilipokea faili moja tu, nami nikapewa kazi ya kuyaunganisha.

Tulikubaliana tuyasome pamoja Jumamosi. Mimi nikaona wananichelewesha. Nikabandika la Elia juu, la Neema likafuata, langu mwisho. Mashine ikalipokea bila kuonyesha kosa, nikapanda nalo mlimani kutafuta sifa. Mpini wa zamani wa lango nikaung'oa kabisa.

Kumbe mwanzoni mwa faili la Elia palikuwa na mstari wa majaribio: saa moja ihesabiwe kuwa dakika moja, ili asisubiri kutwa anapojaribu. Likiwa peke yake, haukumdhuru mtu. Nilipoyaunganisha, ukatawala yote yaliyoandikwa chini yake, lango langu likiwemo.

Asubuhi ile zamu ilikuwa ya Bibi Nakijwa, mjane, maharage yake yametoa maua na jua linachoma. Haki yake ni saa tatu kwa wiki. Lango likafunguka, akapiga vigelegele. Dakika ya tatu likajifunga. Mpini wa kulifungua kwa mkono haupo tena; nilihangaika nalo mpaka zamu yake ikapita.

Mzee Mbonea, mgawa maji wetu, hakufoka. Aliuliza tu wenzangu wako wapi.

"Wako mjini, babu. Nimeunganisha mwenyewe."

"Sisi kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kusafisha mfereji, kila mtu huchimba kipande chake," akasema. "Kabla ya kuachia maji tunatembea wote toka juu mpaka chini, kila mmoja aseme ameacha nini kwenye kipande chake. Wewe umeachia maji kwanza."

Nililia, jamani. Na aliyenifuta machozi ni Bibi Nakijwa, huku maua ya maharage yake yakipukutika. Nilipompigia Elia simu, alijibu papo hapo: "Dada, si ule mstari wa majaribio? Ungeniuliza ningekuambia."

Basi, mwanangu, majuto ni mjukuu. Ukipewa kuunganisha kazi za watu, waite wenyewe kwanza. Someni pamoja kuanzia mstari wa juu, kila mmoja aseme alichoacha humo. Kuuliza si ujinga. Wala usiitupe njia ya zamani kabla mpya haijathibitika. Mungu akujalie subira, na kazi ya mikono yako isimnyime mtu maji yake.