Siku Mama Alipopanda Gari la Ziwani

Mama hajui kusoma, na siku hizi macho yake yanashika rangi kuliko sura. Basi la Inyonga yeye analijua kwa rangi yake ya kijani. Mwenye gari alianza na lori la kusomba tumbaku, abiria wakikaa juu ya mizigo. Baadaye akanunua basi kuukuu, akalipaka kijani, na kwa miaka mingi likawa hilo hilo moja. Lilibeba wagonjwa, madumu ya asali, maharusi, hata misiba. Kwa hiyo alipoongeza basi la pili, la kwenda Kapalamsenga kule ziwani, akalipaka rangi ile ile, wote tulifurahi. Hakuna aliyemfikiria mama.

Alikuwa amekuja kwangu mjini, Kashaulili, kupimwa macho. Siku ya kurudi kwake Inyonga nilimsindikiza stendi, nikamkatia tiketi, nikamketisha kwenye benchi, nikavuka barabara kumnunulia mkate. Niliporudi, benchi lilikuwa tupu na basi la kijani linatoka getini.

"Mama yako kapanda," muuza karanga akaniambia. "Tena kapanda mwenyewe, hakutaka kusaidiwa."

Nikarudi kwenye cherehani yangu, moyo mweupe.

Alasiri kaka yangu akapiga simu kutoka Inyonga. "Dada, mama umempandisha gari gani? Gari limefika, yeye hayumo."

Sikumbuki kama nilifunga duka. Ninachokumbuka ni kwamba nilifika ofisi ya mabasi nikihema, nikamkuta mwenye gari mwenyewe, mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba mama kapanda gari la kijani na Inyonga hajafika. Akavuta kiti.

"Kaa kwanza, mwanangu. Nimeelewa. Atakuwa amepanda la ziwani."

Akampigia dereva. Hapatikani. Akampigia konda. Hapatikani.

"Njiani kule mtandao hakuna mpaka wafike," akasema. "Lakini usilie. Kwenye magari yangu hajawahi kupotea mtu. Alipotea mbuzi tu, naye tulimpata."

Nililia hivyo hivyo. Nilikuwa namwona mama ameshushwa porini, anaita watu asiowaona. Mzee hakunifukuza wala hakufunga ofisi. Aliagiza chai, akawa anajaribu simu kila mara, mpaka ikaita yenyewe. Akaiweka sauti ya juu.

"Mzee, kuna mama huku ana tiketi ya Inyonga," konda alisema. "Alikuwa amelala, nikaona haya kumwamsha mtu mzima. Tumefika ndiyo naiona tiketi."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko kwa mke wa dereva, anakula samaki. Ila anatuuliza, Inyonga wamechimba lini bwawa kubwa hivi?"

Mzee aliangua kicheko, nami nikacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Nikabaki pale kitini muda mrefu, nikimshukuru Mungu.

Kesho yake basi lilimrudisha, na mzee alikataa nauli. Mama alishuka ananukia moshi, na furushi la migebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa, kichwani. Nilimkumbatia hadi akalalamika.

"Niache, utanivunja. Kwako kuna unga?"

Tulisonga ugali mkubwa siku ile. Mama alikula huku akinisimulia mawimbi, na kaka yangu kwenye simu akipiga kelele tumbakizie samaki.