Mrija wa Shangazi Ulikuwa Shambani

Jamani, leo kwenye harusi yangu nimemnyima shangazi kinywaji!

Mimi na Kiprono wangu (mume wangu! acheni niandike tena: mume wangu!) tulikataa plastiki yote hapa Mau Narok. Vikombe vilikuwa vya bati, bila chupa, bila mirija. Nilijiona shujaa.

Wakati wa kututakia heri, wageni wote waliinua juisi.

Shangazi aliyemlea Kiprono hakuinua. Mikono yake hutetemeka tangu augue kiharusi, kwa hivyo hunywa kwa mrija tu.

"Bibi harusi, mrija wangu uko wapi?"

"Shangazi, tunatunza mazingira."

"Vizuri. Na mimi nitatunzwa na nani?"

Nilitamani gauni linimeze.

Kiprono akataka kumshikia kikombe.

"Uninyweshe kama ndama mbele ya wakwe? Wewe! Ngano yote hiyo hapo nje, na mnanikodolea macho tu?"

Mume wangu akaruka ua wa shamba na suti yake mpya! Akarudi na mabua makavu ya ngano, yenye tundu ndani kama mirija, mama mkwe akayakata na kuyaosha kwa maji moto.

Shangazi akanywa mwenyewe mpaka chini. Hema zima vigelegele! Kisha akanisogezea kikombe kitupu usoni: "Sasa nimefika harusini. Ongeza."

Nimempenda Kiprono upya kabisa.

Mnaopanga sherehe bila plastiki, waulizeni wageni wenu kwanza. Kuna mwingine amewahi kukosea hivi? Semeni, nisione haya peke yangu!