Ulikuwa Namba Ngapi?

Jumatatu asubuhi Rwamba alishuka kwenda chooni kinyumenyume. Choo chao kiko chini ya shamba la majani chai, na huku Kanja mteremko ni mteremko kweli. Mapaja yalikuwa yamekaza kama kuni mbichi, kwa hiyo alishika mche baada ya mche mpaka akafika. Kumbe shida yenyewe ilikuwa haijaanza. Kuchuchumaa aliweza, machozi yakimtoka. Kuinuka kukamshinda.

"Baba Njoki!" akaita. "Kuja unitoe huku!"

Kithaka, mumewe, alikuja mbio, akamwinua kwa kwapa. Hakucheka, lakini mdomo ulimcheza. "Na huyo aliyeshinda mbio za jana, naye anatolewa chooni?"

Rwamba akamshika bega, wakapanda mteremko.

Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, muuzaji katika agrovet ya sokoni, duka la mbegu na dawa za mifugo. Kukimbia alikuanza mwaka uliopita, alipoambiwa presha imepanda. Presha ikatulia, yeye akaendelea, maana alfajiri barabarani hapakuwa na mtu wa kumwambia lete hiki, peleka kile. Alipojiandikisha kukimbia marathoni kule Meru, kilomita arobaini na mbili, soko zima lilijua.

Na Jumapili ya mbio alianza vizuri mno. Wasichana fulani wa mashamba ya maua ya Timau walimpita, wepesi kama swara, naye badala ya kushika mwendo wake akawafuata. Meza ya kwanza ya maji akaipita akijiona. Ya pili pia. Ilipobaki robo ya safari, mguu wa kushoto ukakaza, akaketi ukingoni mwa mtaro huku watu wakimpita.

Ndipo akatokea mwanamke mwenye hijabu na sketi ndefu, jasho likimtiririka. Baadaye alijua anaitwa Idil, ana duka la vitambaa mjini Maua.

"Dada, ukikaa hapo utakaza kabisa. Simama."

"Niache."

"Sikuachi. Kasirika ukitembea."

Wakatembea, Rwamba akinung'unika njia nzima. Walipoingia uwanjani, vijana walikuwa wakikunja mahema. Medali zilikuwa zimeisha. Binti mmoja mwenye beji aliwaambia waache namba za simu, watapigiwa medali zikipatikana, nao wawili wakapeana zao pia.

Hayo ndiyo aliyorudi nayo Kanja. Na Jumatatu hiyo, kabla hajafungua duka vizuri, Gachoki, mfugaji jirani, akaingia kununua dawa ya kupe.

"Mama Njoki! Ulikuwa namba ngapi?"

"Nilimaliza."

"Ndiyo, lakini namba ngapi?"

Mpaka saa sita alikuwa ameulizwa na mwalimu, na mwenye posho mill ya kusaga mahindi, na hata padri aliyepita kutafuta mbegu za sukuma wiki. Watu wa nchi hii wamezoea mkimbiaji ni yule anayeonekana kwenye televisheni na bendera mabegani. Wa kumaliza tu hawamwelewi. Jioni Gachoki alirudi kubadilisha dawa, akauliza tena.

"Gachoki," Rwamba akasema, "ng'ombe wako ni namba ngapi kwa maziwa hapa Kanja?"

Duka zima likacheka. Rwamba mwenyewe hakucheka. Watu angewavumilia. Kilichomla ni zile meza za maji. Akipima chakula cha kuku, aliziona, na vikombe vimepangwa vikimngoja. Ni nani alimtuma kujionyesha kwa wasichana wasiomjua?

Jumatano Idil alimpigia. "Dada, mimi nashuka ngazi za duka kwa makalio. Wateja wanafikiri nimeanguka."

Rwamba akacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Nasikia Embu kutakuwa na mbio nyingine mwisho wa mwaka," Idil akaendelea.

"Usiniambie habari hiyo," Rwamba akasema, na akakata simu. Baadaye aliona aibu, lakini hakumpigia.

Alhamisi alfajiri akavaa viatu, akajaribu kukimbia polepole. Hakufika hata kwenye lango la shule. Goti lilikataa. Alirudi akichechemea, akaketi jikoni, akalia kwa hasira.

Kithaka alivua gambuti mlangoni, akamletea beseni la maji ya moto yenye chumvi.

"Nieleze hiyo siku," akasema.

"Na wewe unataka namba?"

"Sijauliza namba. Nieleze njia ilivyokuwa."

Akamweleza yote: wasichana wa Timau, mtaro, Idil, mahema. Alipofika kwenye maji, Kithaka akauliza, "Kwa nini hukunywa?"

"Ujinga."

"Haya."

Rwamba alishukuru kwa neno hilo moja, maana la kumbembeleza lingemchoma tu. Akatoa mguu kwenye beseni aupanguse. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi tititi.

"Huo utatoka," Kithaka akasema.

"Utoke," Rwamba akajibu. "Utoke hata leo. Umenichosha."