Mpalizi aliyebeba gugu hadi kwake

Saa kumi na mbili asubuhi, mama mmoja amepiga magoti kwenye mahindi ya watu. Jembe lipo kando. Kazi anaimalizia kwa mikono, na glavu yake moja ina tundu kwenye kidole gumba. Majirani wanamwita Mashine. Shamba akilipita yeye, wanasema, hata panzi hana pa kujificha.

"Huyu ndiye adui," anasema, akiinua mmea wenye majani kama ya karoti na vijiua vyeupe.

Ni gugu karoti, mgeni asiye na adabu: akiota yeye, wenyeji wanadumaa. Limeijaza mikono ya Mashine vipele, na daktari alishamwambia aache kazi hii.

"Nikamuuliza, nikiacha nitakula nini, mwanangu? Akaniandikia dawa ya kupaka."

Miaka ishirini na miwili ya vibarua ilimnunulia nusu ekari, na huko ndiko alikojipalia makaa. Kila jioni alibeba nyumbani mzigo wa magugu aliyong'oa kwa watu, ayaozeshe yawe mbolea. Hakujua kwamba gugu karoti likishatoa maua, mbegu zake hubaki hai kwenye lundo. Mbolea ile akaimwaga shamba zima.

Sifa yake nayo ikamponza. Majani ya asili yaliyotambaa na kushika udongo aliyafyeka yote, shamba likawa jeupe pe. Mvua ikasomba udongo wa juu, gugu likajitwalia nafasi. Shamba lililotoa magunia saba, msimu uliopita lilitoa moja na nusu.

Shambani kwake, anachota udongo kiganjani. Umekauka, hauna hata nyungunyungu mmoja.

"Zamani walikuwa wananikera," anasema, machozi yakimlengalenga. Inauma kumtazama.

Binti yake anataka shamba liuzwe. "Mama, hiyo ardhi imekufa."

"Haijafa. Nimeiumiza mwenyewe, nitaikimbiaje?"

Siku hizi mzigo wake wa jioni ni ndoo ya yale majani yanayotambaa, pamoja na mizizi yake, kila shina amelikagua mara mbili. Anakwenda kuyapanda.

"Makubwa! Mashine leo anapanda magugu?" anacheka jirani aliyeegemea uzio.

Mashine anachimba shimo la kwanza. Amepanga misimu mitatu bila mahindi; ni kunde na majani hayo tu.

"Nina miaka sitini na mmoja, sijui kama nitaliona shamba hili likipona," anasema, akishindilia udongo. "Nikitangulia, nimemwomba binti yangu jambo moja tu: asilipalilie mpaka aone nyungunyungu."