Inchi Mbili za Fundi

Mume wangu ni fundi cherehani, na kwa miaka thelathini na moja sijamwona akishona nguo inayombana mtu. Humpima mteja, huandika namba, kisha huongeza inchi mbili. Mwenyewe huziita nafasi. "Binadamu anapumua," husema. Mashati yake mwenyewe yana mikono inayofika kwenye vidole, maana hakuna mteja aliyewahi kupewa nafasi kama anayojipa yeye.

Jumamosi hakunji pindo, anapiga mishale. Kwenye klabu yao ya mishale wanamwita Sindano, kwa kuwa zamani mshale wake ulikwenda palepale alipotaka. Nasema zamani kwa sababu mwaka huu bega la kulia liligoma, na daktari akamkataza upinde wake wa mti, ule unaozidi kuwa mzito kadiri unavyouvuta. Kocha naye, bila haya, akamwambia kwamba baada ya wiki mbili kuna mchujo wa mishale sitini. Asipoumaliza na kuingia kwenye wanne bora, atatolewa kwenye timu na kufanywa mlezi wa klabu. Mlezi hupewa kiti, mwavuli na kazi ya kupiga makofi.

Siku hiyo Fundi alirudi nyumbani akala bila kulalamikia chumvi. Nikajua mambo yameharibika. Na sisemi uongo, na mimi nilikuwa na langu. Jumamosi tatu alizokaa nyumbani kuuguza bega alinipangia upya makabati ya jikoni, na mpaka leo sijaliona chujio la chai.

Dawa ilikuwa upinde wa kisasa, wenye gurudumu dogo kila ncha. Mwanzo unauvuta kwa nguvu, kisha magurudumu yakizunguka mzigo unapungua, kama mtu amekuja kukupokea ndoo. Tukaenda dukani.

Fundi alizunguka duka zima akishikashika. Huu mweusi unaficha uchafu. Huu wa kijani utapotea kwenye nyasi. Akapindua mfuko wa kubebea upinde, akakagua mshono kwa ndani, akatangaza kwamba aliyeushona alikuwa na haraka. Muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani puani na tepu shingoni, akamwacha mpaka akamaliza.

"Baba, rangi baadaye. Simama ukutani, nyoosha mikono kawaida tu. Usijivute."

Alijivuta. Alijivuta mpaka fulana ikachomoka kwenye suruali. Muuzaji alisubiri achoke, kisha akampima kutoka ncha ya vidole hadi ncha ya vidole. Inchi sitini na nane. Akagawanya kwa mbili na nusu, akasema upinde wake uwekwe wa kuvutwa inchi ishirini na saba.

"Weka ishirini na tisa," Fundi akasema.

"Utakuzidi."

"Mama, vipimo ndiyo kazi yangu. Lazima uache nafasi."

"Upinde si shati, baba. Haupumui."

"Mimi napumua."

Muuzaji akanitazama. Mimi nikatazama dari. Katika ndoa nimejifunza siku za kubishana na siku za kusubiri. Akachukua spana, akarekebisha magurudumu yakafika ishirini na tisa. "Mkipata shida mrudi, ni kazi ya dakika tano," akasema, na alikuwa ananiambia mimi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila wangu alivimba mkono. Siku nne alikwenda kufanya mazoezi peke yake, na kwa mikono ya mashati yale hakuna ambaye angeona chochote. Siku ya tano nikamkuta anaosha vyombo bila kukunja shati. Nikamkunjia mimi. Kutoka kifundo mpaka kiwiko mkono ulikuwa na rangi ya biringani.

Ikabidi akiri. Ugwe, ile kamba ya upinde, badala ya kuishia mdomoni, ulikuwa unakwenda mpaka nyuma ya sikio, na akiuachia unarudi na kumchapa. Na shabaha je? Mshale wake bora ulipata alama tisa, kwenye ubao wa jirani.

"Kinyozi hajinyoi," nikamwambia. "Lete hiyo tepu."

Akasimama kwenye ukuta wa chumba cha kushonea, kati ya kalenda na shati la mteja. Sitini na nane.

"Rudia."

Sitini na nane.

"Hujaishika vizuri."

Mara ya tatu ilitoka sitini na saba na nusu. Nikamwambia hiyo siihesabu.

Akakaa nyuma ya cherehani, akawa anazungusha gurudumu lake bila kushona kitu. "Siku ya harusi nilikuwa sabini," akasema. "Nilijipima mwenyewe, kwa ajili ya koti."

Moyo uliniuma. Kumbe muda wote hakuwa akibishana na muuzaji, bali na miaka. Ningeweza kumwongezea hizo mbili, nani angejua? Lakini uongo huo ungemfikisha moja kwa moja kwenye kile kiti.

"Ni sitini na nane, baba," nikasema. "Na zinakutosha."

Akakunja tepu polepole, akaenda kutafuta viatu. Tulifika dukani kabla halijafungwa. Yule mama alirudisha magurudumu kwenye ishirini na saba bila kusema neno, na kwa hilo nampenda hadi leo.

Asubuhi ya mchujo nilianza kuhesabu mishale kwa vidole nikapotea kwenye ishirini. Alipofika hamsini alikuwa analisugua bega kila baada ya mshale, nami nikaacha kutazama ubao, nikawa namtazama yeye tu. Ugwe ulikuwa unagusa pembe ya mdomo, pale hasa unapotakiwa. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa nne, kwa alama mbili, akamwacha karani mmoja wa benki ambaye shangazi zake walishaanza kumpongeza.

Alinijia, akanipa upinde niushike, akaketi chini kwenye nyasi. Macho yalikuwa mekundu.

"Niliogopa," akasema. "Niliogopa mtanizoea nikiwa nimekaa."

Sikumwambia kwamba na mimi niliogopa hilohilo, tena kuliko yeye. Nikamwambia ainuke, nyasi zina umande.