Jiwe la Kufulia la Bibi Daraja

Kijiji chetu, kama kweli ni kijiji, kilianza na kambi ya wavunja mawe ya kujengea barabara. Barabara ilipokwisha, kampuni ikaondoka na mashine zake, vibarua wakabaki na wake zao. Leo tuna nyumba arobaini na tatu, zimebanana kati ya kilima kilichochimbwa ubavu na kijito kinachokauka kiangazi na kufura wakati wa mvua. Kwenye ramani, hapo petu pameachwa peupe. Wilaya mbili zinatuzunguka, na kila moja inasema sisi ni wa mwenzake.

Sasa huyu mama ninayemsema ni fundi cherehani, mjane wa mmoja wa wavunja mawe wale. Dada yake anakaa ng'ambo ya kijito, miguu imemgoma. Kila asubuhi fundi huvuka kwenda kumwogesha na kumpikia. Zamani palikuwa na gogo la kuvukia. Mvua za mwaka jana zikalibeba. Siku tisa ndugu hao walijuliana hali kwa kuitana, mmoja ukingoni, mwenzake amejiburuta hadi mlangoni. Maji yalipopungua fundi akaanza kudai daraja. Miezi kumi, ofisi hii na ile, mpaka watu wakambandika jina: Bibi Daraja.

"Mama, nenda wilaya ya pili," karani wa wilaya moja alimwambia.

"Huko nimetoka jana. Wamenituma kwako."

"Basi lionekane kwanza jiwe la mpaka. Ndipo tutajua kijito ni cha nani."

Akalitafuta. Alifyeka vichaka kwa panga hadi viatu vikaachia soli. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, hakukosa la kusema.

"Shemeji, hata kaka yangu hukumtafuta hivyo."

"Kaka yako alijileta mwenyewe."

Jumanne iliyopita, mawingu yakiwa tayari yameshuka kilimani, akaja mpima ardhi aliyetumwa na karani. Alizunguka na vyombo vyake, akachoka, akaomba maji ya kunawa. Bibi Daraja akampeleka uani, kwenye jiwe lake la kufulia. Mpima akanawa uso, akainama, akaona kona za jiwe zimechongwa sawasawa, akaligeuza. Upande wa chini palikuwa pamechongwa namba.

"Mama, hili mmelitoa wapi?"

"Aliniletea marehemu. Nimelifulia miaka ishirini na sita."

"Likishang'olewa si mpaka tena. Lilisimama wapi?"

Bibi Daraja akakaa juu ya ndoo. Shemeji, aliyewafuata hadi uani, akakohoa.

"Mimi na kaka ndio tulilibeba. Lilikuwa pale pale penye gogo."

"Na miezi kumi hii unanitazama tu nikifyeka?"

"Shemeji, wewe ulisema unatafuta jiwe la mpaka. Hili tunalijua ni la kufulia."

Wakashuka kijitoni. Mpima akapima, akapima tena, kisha akafunga daftari. Mpaka unapita katikati ya maji. Ukingo mmoja wilaya hii, mwingine ile. Daraja litataka sahihi za wilaya zote mbili, na vikao vyao haviko kabla ya mvua.

"Labda kila wilaya ijenge nusu," mpima akasema, akijaribu kuchekesha.

Bibi Daraja hakucheka. Tone la kwanza lilimdondokea mkononi. Akamgeukia shemeji yake, akamkabidhi panga.

"Ule mti mkavu wa kilimani unaujua. Ulibeba jiwe, utabeba na gogo."